Anachoandika Daktari ni cha Nani?

Swali hili huulizwa kwenye matatu. Ni nadra kulisikia kwenye chumba cha daktari. Mama ametoka kutibiwa mjini Kwale, amepanda gari la kuteremka Kombani, mfuko wa dawa uko mapajani, na hapo ndipo anapomgeukia aliyekaa naye: "Dada, yule kijana alikuwa akibonyeza tu. Hata usoni hakunitazama. Kwani alikuwa akiandika nini?" Jirani naye hajui. Kondakta ana maoni yake, maana kondakta hakosi maoni, na gari likifika njia panda ya Kombani swali limeshageuka mzaha.

Lakini si la mzaha. Ndani yake mna mambo mawili mazito. Habari za mwili wangu zikishaandikwa, mwenyewe ni nani? Na je, mimi mgonjwa nina kazi yoyote katika matibabu yangu, mbali na kukaa kwenye benchi, kutoa mkono nipimwe presha na kumeza nilichopewa? Wapo madaktari waliomaliza miaka yao yote ya kazi wakihangaika na mambo haya mawili kwa pamoja. Sura hii ni yao. Tutaanzia hapa kwetu, kwenye daftari la dukani.

Daftari la kurasa 32

Mamangu mdogo anaishi Tiwi, na presha ameishi nayo miaka mingi. Kila aendapo kliniki hubeba daftari la shule, lile jembamba la kurasa 32, amelivika mfuko wa plastiki aliouficha tangu kabla ya marufuku ya 2017. Ndani mna tarehe, uzito, presha, majina ya dawa na sahihi isiyosomeka. Watu wa zahanati huliita kitabu. "Mama, kitabu unacho?" "Ninacho, mwanangu."

Wageni wakiliona daftari hili huliona kama dalili ya ufukara: hospitali gani hii isiyo na faili? Mimi nililidharau vilevile, mpaka nilipoanza kuhesabu kazi linazofanya. Daftari linavuka feri. Mgonjwa wa Mkongani akipelekwa Kwale, kisha Msambweni, au akivushwa Likoni mpaka Makadara (ndivyo watu wa pwani wanavyoiita Hospitali Kuu ya Pwani), daftari liko naye, na daktari asiyemjua kabisa anaweza kusoma alikotoka. Halingoji umeme wala mtandao. Zaidi ya hayo, usiku mjukuu hulifungua akamsomea bibi: mwezi uliopita namba ya juu ilikuwa 170, mwezi huu 150, imeshuka. Bibi hana shahada ya kitu chochote, lakini usiku huo anajua jambo kuhusu mwili wake ambalo hajaambiwa na mtu wa hospitali.

Lina ubaya wake. Masika moja maji yalipita kwenye makuti, daftari likalowa, na presha ya miaka mitatu ikageuka doa la wino wa samawati. Kliniki iliyofuata, kwenye kituo nisichokitaja, waliandika upya tangu mwanzo. Akaandikiwa tena dawa ambayo daktari mwingine alishamwachisha kwa sababu ilimvimbisha miguu. Alipofika nyumbani aliitambua kwa umbo la kidonge. Akaimeza. Wiki mbili baadaye viatu havimwingii. Nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akanijibu bila hasira: "Daktari ndiye ajuaye."

Hapo palikuwa na makosa mawili, na lile la maji ndilo dogo. Kumbukumbu ilipotea kwenye karatasi, lakini ilikuwepo kichwani mwa mwenye mwili, naye hakudhani kwamba inamhusu mtu.

Daktari aliyewaamini mama

Daftari la mamangu mdogo lina ukoo. Miaka ya 1950, daktari wa watoto kutoka Uingereza, David Morley, alifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, magharibi mwa Nigeria. Watoto walikuwa wakidhoofika taratibu, na hakuna aliyegundua mpaka hali iwe mbaya. Morley akatengeneza kadi yenye mstari wa kukua: kila mwezi mtoto anapimwa uzito, nukta inawekwa, nukta zinaunganishwa. Mstari ukipanda, heri. Ukilala, kuna jambo.

Uamuzi wake mkubwa ulikuwa mahali pa kuiweka kadi. Hakuifungia kabatini, alimpa mama aende nayo nyumbani. Wenzake wengi waliona ni hatari, kwamba mama wa kijijini ataipoteza. Ikaonekana kwamba mama huitunza kadi ya mwanawe vizuri kuliko kliniki inavyotunza makabati yake. Kadi hiyo ilienea ulimwenguni, na kitabu cha kliniki anachopewa leo kila mama mjamzito Kenya kina picha ileile ya mstari ndani yake. Hata mama asiyesoma herufi moja huisoma.

Morley hakuwa na kompyuta, lakini alishaigusa ile hoja ambayo madaktari wa kompyuta walikuja kuihangaikia kwa miaka mingi: kumbukumbu ikae kwa nani.

Deni la dukani na jina la kutisha

Elimu inayoshughulikia mambo haya huitwa infomatiki ya tiba. Jina linatisha bure. Ni ufundi wa kukusanya habari za wagonjwa, kuzitunza, kuzifikisha panapohitajika na kuzitumia ili mtu atibiwe vizuri zaidi. Kompyuta ni chombo tu katika ufundi huo, kama mizani ilivyo chombo katika biashara ya sukari. (Walimu watataka niseme tarakilishi. Nawaheshimu, ila sijamsikia mtu wa Tiwi akilitumia neno hilo akiwa na homa.)

Chukua mfano wa daftari la deni. Mwenye duka anaandika: unga, sabuni, sukari. Mwisho wa mwezi anakusomea jumla. Wewe unakumbuka sabuni mbili, kwake ziko tatu, mnagombana. Wenye akili hushika madaftari mawili, moja la duka na moja la mteja, na kila kinachochukuliwa huandikwa kotekote papo hapo. Hospitali kubwa za ulimwengu, kwa miaka mingi, zilikuwa na daftari la duka peke yake.

Jambo la pili huitwa ushiriki wa mgonjwa, nalo halina uhusiano na semina zenye chai na posho. Ni mgonjwa kujua kilichoandikwa juu yake, kusahihisha panapokosewa, kusema anachokiona mwilini mwake, na kuwa na kauli katika uamuzi. Yote ambayo mamangu mdogo aliyaona si kazi yake.

Kitufe cha "sielewi"

Katikati ya miaka ya 1960, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, daktari kijana aitwaye Warner Slack alimkalisha mgonjwa mbele ya kompyuta. Siku hizo kompyuta ilikuwa mali ya wanahisabati. Kumkabidhi mgonjwa ilikuwa kama kumkabidhi abiria usukani. Mashine hiyo, LINC, ilionyesha kwenye kioo maswali kuhusu mzio, yaani mwili kukataa vitu kama vumbi, chakula au dawa. Mgonjwa alijibu mwenyewe kwa kubonyeza. Majibu yalikuwa manne: ndiyo, hapana, sijui, sielewi.

Hilo la nne nimelifikiria sana. Kwenye zahanati zetu "sielewi" haina mahali pa kubonyezwa. Ukiulizwa "una kifua kikavu au chenye makohozi?" unajibu moja, hata kama hukushika swali, kwa sababu nyuma yako kuna watu arobaini kwenye benchi. Slack aliiandikia mashine yake uvumilivu ambao binadamu aliyechoka hanao: ukibonyeza sielewi, inakueleza tena. Baadaye yeye na wenzake waliona pia kwamba watu huieleza mashine mambo ya aibu, ya pombe na ya chumbani, kwa urahisi kuliko wanavyomweleza daktari.

Slack alihamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1970, akafanya kazi Boston katika hospitali ya Beth Israel, na kwa karibu miaka hamsini alishikilia rai moja mpaka wenzake wakaizoea: kwamba katika hospitali nzima, msaada mkubwa kuliko wote na unaotumiwa kidogo kuliko wote ni mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1997 alichapisha kitabu, *Cybermedicine*. Alifariki 2018.

Katika hospitali hiyohiyo alikuwepo daktari mwingine, Danny Sands. Mwaka 1998 alikuwa mmoja wa wawili walioandika miongozo ya namna daktari na mgonjwa waandikiane barua pepe, wakati madaktari wengi walikuwa bado wanaona hilo ni kujitafutia balaa. Kufikia 2000 walishawafungulia wagonjwa ukurasa wao kwenye intaneti: majibu ya maabara, orodha ya dawa, maswali kwa daktari.

Mgonjwa wake mmoja amejulikana kuliko madaktari wengi. Dave deBronkart aligunduliwa mwaka 2007 kuwa na saratani ya figo iliyokwisha kusambaa. Sands alimwelekeza kwa kundi la wagonjwa wenzake kwenye intaneti, jambo ambalo daktari mwenye kiburi hafanyi, na huko alipata mengi ya kumsaidia. Akapona. Miaka miwili baadaye aliamua kuhamishia kumbukumbu zake kwenye huduma ya Google iliyokuwepo wakati huo. Alipozifungua, alikuta magonjwa ambayo hajawahi kuugua, na hali za zamani zikionekana kama za jana kwa kuwa hazikuwa na tarehe. Habari nyingi zilikuwa zimetoka kwenye namba ambazo hospitali huziandika ili kudai malipo kwa bima. Kumbe namba ya kudai pesa na ukweli wa ugonjwa ni vitu viwili.

Hili lituguse. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya imehama kutoka bima ya afya ya NHIF kwenda ya SHA, na kila tunapotibiwa kwa bima hiyo kuna dai linaloandikwa mahali. Kosa kwenye kumbukumbu za Dave lilikuwa limekaa kimya kwenye mashine ya watu waliosoma. Aliyeligundua ni mgonjwa, siku alipopewa nafasi ya kusoma.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikwenda hatua moja zaidi: madaktari 105 wa Boston, Pennsylvania na Seattle walikubali wagonjwa wao wasome maelezo yenyewe ambayo daktari huandika baada ya kumwona mtu. Kulikuwa na hofu kwamba wagonjwa watashtuka na madaktari watazongwa na maswali. Baada ya mwaka mmoja hakuna daktari hata mmoja aliyetaka kuacha, na karibu wagonjwa wote waliojibu walitaka mpango uendelee. Kuanzia 2021 sheria ya huko inataka maelezo hayo yafunguliwe.

Mosoriot, Februari 2001

Turudi nyumbani, ingawa si pwani. Mosoriot ni kituo cha afya cha mashambani huko Nandi, si mbali na Eldoret. Februari 2001 madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, waliwasha pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Ilikuwa programu ya kawaida ya ofisini, yenye akiba ya umeme. Kabla ya hapo mgonjwa mmoja aliandikwa kwenye vitabu vikubwa vingi: cha mapokezi, cha maabara, cha dawa. Sasa karatasi moja ilizunguka naye, kisha karani akaiingiza kwenye mashine. Katika miezi sita waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Watafiti walipima muda kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Mpaka hapo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi atapiga makofi.

Lakini soma zilizobaki. Muda ambao mgonjwa alikaa na mhudumu anayemtibu ulipungua kwa asilimia 58. Wafanyakazi wa kituo walitumia nusu tu ya muda waliokuwa wakiutumia na wagonjwa, na wakapata muda zaidi wa shughuli zao binafsi. Mimi si daktari, na sina haja ya kuwabeza watu waliofanya kazi ya kwanza ya aina yake katika eneo letu. Hata hivyo, ningekuwa mama wa Mosoriot ningeuliza: ule muda mliouokoa, mbona haukuja kwangu?

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna aliyempangia mgonjwa sehemu yake. Mfumo ulitengenezwa ujibu maswali ya wizara na ya watafiti, ukayajibu vizuri. Mashine hufanya kazi iliyotumwa.

*Kwa ufupi mpaka hapa: karatasi hupotea na kompyuta husaidia kutopoteza. Lakini kompyuta inaweza kumwondoa mgonjwa kwenye kumbukumbu zake kuliko daftari lilivyowahi kufanya, kama hakuna aliyekusudia vingine.*

Karatasi moja yenye vikumbusho

Kazi ya Mosoriot ilizaa mengine. Mwaka 2004 ulianza OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bure na kuurekebisha. Umeenea nchi nyingi, na juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika kliniki zetu nyingi za virusi vya ukimwi.

Kati ya madaktari waliokulia kwenye kazi hii yumo Mkenya Martin Were. Alisomea udaktari Harvard, akaingia infomatiki huko Indiana, na sasa ni profesa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Chuo Kikuu cha Moi kina taasisi ya fani hii aliyoshiriki kuianzisha, ili vijana wasilazimike kupanda ndege kwenda kuisomea.

Utafiti wake wa Eldoret unaeleweka na mtu yeyote. Kliniki ilikuwa na kompyuta lakini haikuwa na kompyuta kwa kila daktari. Basi mashine ikachapisha karatasi moja kwa kila mgonjwa, ikawekwa juu ya faili lake, na juu ya karatasi kikumbusho: kipimo fulani kimepitwa na wakati, agiza leo. Kipimo kimojawapo kilikuwa cha CD4, yaani hesabu ya askari wa mwili dhidi ya maradhi. Kliniki yenye vikumbusho iliagiza kipimo hicho kwa asilimia 53 ya waliostahili. Kliniki isiyo navyo, asilimia 38. Katika utafiti mwingine, kwa watoto, tofauti ilikuwa kubwa mno: kazi zilizochelewa zilifanywa kwa asilimia 68 palipokuwa na vikumbusho na asilimia 18 pasipokuwa navyo.

Madaktari si wazembe. Wamezidiwa, na mtu aliyezidiwa husahau. Kikumbusho cha kipande cha karatasi kiliwafaa watoto ambao pengine wangepita wiki baada ya wiki bila kupimwa. Ninachojiuliza mimi ni kwa nini kikumbusho kikae juu ya faili pekee. Nakala ya pili mikononi mwa mama, kwa Kiswahili, ingegharimu karatasi moja.

"Mambo?"

Kuna waliomkumbusha mgonjwa mwenyewe, tena kwa lugha yake. Kuanzia 2007 daktari wa Kanada, Richard Lester, na wenzake wa Kenya walifanya jaribio katika kliniki tatu, zikiwemo za Pumwani na Kajiado, kwa watu walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Kila wiki muuguzi alimtumia mgonjwa ujumbe mfupi wa neno moja: *Mambo?* Mgonjwa alitakiwa ajibu katika siku mbili: *Sawa* au *Shida*. Akijibu shida, au akinyamaza, alipigiwa simu.

Ujumbe haukutaja dawa wala ugonjwa. Mume, shemeji au mtoto akiishika simu ataona salamu tu. Nauona huo ufundi wa hali ya juu kuliko programu nyingi za mamilioni nilizosoma habari zake, kwa sababu aliyeutunga alifikiria simu inalazwa wapi usiku.

Waliopewa ujumbe walikuwa 273. Kati yao 168 walimeza dawa ipasavyo. Kati ya 265 wasiopewa, ni 132. Kwa asilimia ni kama 62 dhidi ya 50, na virusi navyo vilidhibitiwa kwa wengi zaidi upande wa ujumbe. Matokeo yalichapishwa 2010 na kusomwa duniani kote. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Watu waliulizwa hali, wakajua kuna mtu anayesubiri jibu.

Ubao, simu na binti wa jirani

Na hapa kwetu Matuga, zilipo Tiwi na Kombani, je? Sisi tulikuwa na ubao kabla ya simu. Mpango wa afya ya jamii uliozinduliwa nchini 2006 ulikuja na fomu zenye namba: MOH 513 ya kuandika kaya, 514 ya kazi za mhudumu, 515 ya muhtasari. Ya mwisho, MOH 516, si fomu. Ni ubao wa chaki, unaowekwa mahali watu wanapopita: kina mama wangapi wamejifungulia kituoni, kaya ngapi zina choo, watoto wangapi wamekamilisha chanjo. Kisha kuna siku ya mazungumzo, kijiji kikae mbele ya ubao na kujadiliana. Kwenye vitabu vya infomatiki hili lingepewa jina refu. Kwetu ni mzee wa kijiji akisimama kuuliza kwa nini kaya zenye choo ni zilezile za mwaka jana.

Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa simu, nchi nzima. Sasa wanaingia nyumbani, wanauliza, wanabonyeza, na habari zinapaa. Faida ni kubwa: mama mjamzito aliyekosa kliniki anaonekana mapema. Lakini ubao ulisomwa na wote na haukutaja jina la mtu; simu inataja jina la mtu na husomwa na wachache. Na mwenye simu si mgeni. Ni binti wa jirani, aliyesoma na mwanao Waa, na mtakutana arusini Jumamosi. Siri ya ugonjwa ni jambo moja Boston, ambako daktari hamjui shangazi yako. Ng'ombeni, ambako kila mtu ni shangazi wa mtu, ni jambo jingine. Nimewasikia wanawake wakisema wazi kwamba mambo fulani hawatamweleza mhudumu, na siwalaumu.

Kuna udhaifu mwingine. Mifumo mingi inasimama kwa fedha za wageni. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, makarani wa data waliolipwa kwa fedha hizo walitumwa nyumbani, na kliniki kadhaa zikarudi kwenye karatasi. Aliyekuwa na daftari lake siku hiyo hakupungukiwa na kitu.

Sheria inasemaje

Hapa nitapita haraka, maana sheria yenyewe iko upande wako. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha; cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali na kutaka habari za uongo juu yako zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe hali yako kwa lugha unayoielewa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti na kukupa haki ya kuziona.

Halafu kuna kisa ambacho kingechekesha kama kisingekuwa chetu. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa 2023 pamoja na ile ya bima mpya. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria hizo zinakiuka Katiba, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, na bima ikaendelea. Yaani sheria ya kupanga habari zetu ilifika mahakamani kwa kosa la kutotuuliza.

Basi uliza wewe. Yafuatayo hayahitaji wakili:

- "Daktari, umeandika nini? Nisomee kwa Kiswahili."
- "Hii dawa mpya inaitwaje, na ile ya zamani naiacha au naendelea nayo?"
- "Naomba uniandikie na kwenye kitabu changu, hata kama umeshaweka kwenye kompyuta."
- "Hapo pamekosewa. Mimi sina ugonjwa huo."

Nilimfundisha mamangu mdogo swali la kwanza. Alilifanyia mazoezi jikoni, akikuna nazi. Kliniki iliyofuata alifika mlangoni, akageuka, akauliza. Ofisa tabibu, kijana aliyeonekana amechoka, alinyamaza kidogo, kisha akakigeuza kioo cha kompyuta upande wake na kumwonyesha kwa kidole: presha 148 kwa 90, dawa zilezile, aje baada ya miezi miwili. Ilichukua kama dakika moja. Akatoka akaniambia kijana yule ana adabu.

Daftari la kurasa 32 bado linauzwa pale Kombani. Ukienda kliniki wiki hii nunua moja, andika jina lako juu na jina la kila dawa iliyowahi kukudhuru kwenye ukurasa wa kwanza, kisha uliweke mezani kabla daktari hajaanza kubonyeza.